Mawenzi ikae upande wake: maneno kwa wapiga picha wa mandhari mnaoanza

Wadogo zangu, nimewavumilia vya kutosha. Msimu huu mmenitumia picha za Kilimanjaro mpaka simu imejaa, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: mbele kuna mgunga mkubwa, au boneti ya Land Cruiser, na huko nyuma kabisa kuna kitu cheupe kama kichuguu kilichomwagiwa unga. Halafu swali ni lilelile: "Kaka, mlima umetoka mdogo, ninunue lenzi gani?" Usinunue. Soma kwanza, hela ya lenzi iwe nauli.

1. Ukubwa wa kitu kimoja mbele ya kingine haupangwi na lenzi, unapangwa na mahali uliposimama. Kama unabisha, funga kamera kwenye stendi, piga kwa milimita 24, yaani lenzi pana, kisha piga kwa 200, yaani lenzi ndefu, bila kusogea. Ile ya kwanza ikate mpaka libaki eneo la ile ya pili. Ukiacha pikseli zilizopungua, ni picha moja.

Chukua Amboseli, mbuga ya Kenya iliyo kaskazini mwa mlima. Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, ina mita 5,895, mbuga iko kwenye mita 1,150 hivi, na kutoka hapo hadi kileleni ni kama kilomita 45. Piga hesabu: mti wa mita 10 ulio mita 100 mbele yako kwenye picha unalingana kwa kimo na mlima mzima. Ukiusogelea mpaka mita 20, mti unauzidi mlima mara tano, na hicho ndicho kichuguu chako. Ukirudi nyuma mpaka mita 200, mlima unakuwa mara mbili ya mti, na hapo ndipo lenzi ndefu inapata kazi. Kwa tembo wa mita 3, mahali pa kulingana ni mita 30. Na kwa kuwa huko hushuki garini unavyotaka, anayechagua pa kusimama ni dereva. Mnunulieni chai. Kuna mtu hapa alizunguka na dereva kutwa nzima bila kumuuliza jina, jioni akalalamika kwamba kapelekwa pabaya.

2. Wahini alfajiri. Saa tatu ikishafika na mawingu yamefunika, nendeni mkanywe supu.

3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wiki hii nimeona wawili wenu wamefanya kosa ambalo mimi nililipia.

Ukiwa Moshi ukiutazama mlima, Kibo iko kushoto na Mawenzi, kilele cha pili, kulia. Ukiwa Amboseli, upande wa kaskazini, mambo yanageuka: Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Mimi hili nililijua. Lakini mteja mmoja, mwenye biashara yake palepale Moshi, alitaka kalenda ya ukutani, na maandishi yake yote yakae kushoto. Kushoto kuna Kibo. Picha ilikuwa nzuri sana, migomba mbele, jua limetoka tu. Nikafanya anachofanya mvivu yeyote mwenye kompyuta: nikaigeuza kama kwenye kioo. Mteja akafurahi, ikachapishwa, ikagawiwa mjini, ikatundikwa madukani na kwenye mabucha.

Siku moja nimekaa kwenye kibanda cha chai, kalenda iko juu ya kaunta, nami nimejaa majivuno, nasubiri mtu aisifie. Mzee mmoja akaitazama muda mrefu. Nikamwamkia, nikamwambia ni kazi yangu. Akaniuliza, "Hii ulipigia Kenya?" Nikasema hapana mzee, hapahapa. "Sasa Mawenzi inafanya nini kushoto? Na Amboseli wamepanda migomba lini?" Mama wa chai akasogea, akaongeza lake: "Na jua linachomoza Arusha!" Kibanda kizima kikacheka. Nikajitetea kwamba ni usanii. Mzee akasema, "Sawa, baba. Na picha ya pasipoti kaipige hivyohivyo."

Mteja hakunidai fidia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinyamaza tu, na kalenda ya mwaka uliofuata akampa mwingine. Alikuwa ameulizwa swali lile na kila mnunuzi aliyeingia dukani kwake.

Mimi nilidhani nimegeuza mistari na rangi. Kwa watu wa pale nilikuwa nimeharibu sura wanayoamka nayo kila siku. Wachagga wana hadithi ya Mawenzi kwenda kwa Kibo kuomba moto mara kwa mara, mpaka Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuchakaa vile. Na sura yenyewe si moja: ukienda Rombo, Mawenzi ndiyo iliyo mbele na Kibo iko nyuma yake, ukiwa upande wa Siha, unaanza kuiona Shira, kilele cha tatu. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kufungua begi, namuuliza mwenyeji wapi yeye husimama akitaka kuutazama. Mara nyingi ananipeleka nyuma ya nyumba ya mtu, mahali ambapo hakuna kibao cha watalii.

4. Acheni kuongeza theluji kwenye kompyuta. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kibo mwaka 1912 imeshatoweka. Ukiipaka nyeupe ya mwaka 1912 na kuandika tarehe ya jana, unadanganya. Mwamba uliobaki wazi una rangi nzuri ya kahawia jioni, ila hamuioni kwa sababu mmekwenda na picha ya kadi kichwani.

5. Mnaokwenda Paje na Jambiani, kule Zanzibar, angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi ya boti. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana, na hapo ndipo mtapata michanga, mistari ya mwani na ngalawa zilizolala ubavu. Maji mafu, ya mwezi nusu, hayatawapa hayo. Na waombeni ruhusa kina mama wanaolima mwani kabla ya kuinua kamera. Wako kazini, na maji yakianza kurudi hawatawasubiri mpange fremu.