Kabati la vitabu limepangwa, mbona bado linafanana na stoo?

Swali: Fundi, salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu, mume wangu ni askari, tuna watoto, na kwa sababu ya uhamisho vitabu vyetu vimezunguka nchi miaka tisa ndani ya magunia. Sasa tumetulia. Seremala ametutengenezea kabati la sebuleni lisilo na milango: upana sentimita 120, nafasi tano, kila nafasi kimo chake sentimita 35, chipubodi ya milimita 18. Nimepanga na kupangua mara tatu. Mara ya mwisho nilipanga kwa rangi kama nilivyoona kwenye simu, nikaongeza maua ya plastiki. Bado panafanana na stoo ya shule, na rafu za katikati zimeanza kubonyea. Dada yangu anasema ninunue mapambo zaidi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, pole na magunia. Dada yako msalimie, ila mapambo asubiri kwanza. Kabati lako lina ugonjwa wa mbao kabla ya ugonjwa wa mpangilio, na bahati nzuri dawa ya wa kwanza itakutibia nusu ya wa pili.

Chukua uzi, mtoto mmoja ashike ncha ya kushoto ya rafu, mwingine ya kulia, wauvute mpaka ukaze. Pima katikati, kutoka kwenye uzi hadi kwenye ubao. Kwa chipubodi ya milimita 18 iliyobeba vitabu kwa urefu wa sentimita 120, sitashangaa ukikuta sentimita 2 au zaidi. Mita moja ya vitabu vya kawaida ina uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa hiyo kila rafu yako iliyojaa imebeba zaidi ya nusu gunia la simenti, usiku na mchana. Chipubodi ni chembe za mbao na gundi. Haina nyuzi ndefu za kuibeba, na ikishaanza kulegea huendelea kidogo kidogo hata usipoiongezea kitabu. Jicho la mgeni halitasema "rafu imebonyea". Litasema tu kwamba hapa pamechoka.

Dawa yake ni rahisi. Mwite seremala akate vipande vya kusimama, avitie katikati ya kila nafasi, kimoja juu ya kingine moja kwa moja mpaka chini kabisa, na chini ya cha mwisho aweke mguu. Ni lazima vipangane, la sivyo uzito wa juu utatua katikati ya rafu ya chini na utakuwa umehamisha tatizo tu. Ukigawa urefu mara mbili, kubonyea hakupungui kwa nusu: kunapungua karibu mara 16. Sentimita 2 inabaki milimita moja na kitu, na hiyo haionekani. Kabla ya kurudisha zile rafu zilizopinda, mwambie azigeuze, tumbo liangalie juu. Vitabu vyenyewe vitazinyoosha.

Kama hutaki kukata kabati katikati, kuna njia nyingine: ukanda wa mbao ya inchi 1 kwa 2, usimamishwe kwa upana wake wa inchi 2, ukazwe kwa gundi na skrubu kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu. Ukanda huo wa paini mmoja ni mgumu kupinda kuliko chipubodi yote iliyo nyuma yake, maana ubao hupata nguvu kwa kimo kuliko kwa upana. Lakini kwa kabati lako ningechagua vipande vya kusimama, kwa sababu vinakupa visanduku vidogo vya sentimita 60 hivi, na jicho linapenda kuona kitu ndani ya fremu. Safu ya vitabu ya sentimita 120 ni ukuta. Ya 60 ni picha.

Sasa kimo. Nafasi zako zote ni sentimita 35, na hapo ndipo stoo ilipozaliwa. Riwaya ya kawaida ina kimo cha sentimita 18 hadi 20, kwa hiyo juu yake panabaki pengo la sentimita 15, na pengo lile hualika kila kitu: rimoti, chaja, madaftari ya wanafunzi yasiyosahihishwa. Una jumla ya sentimita 175. Ongeza rafu moja, upate nafasi sita: ya chini kabisa 34 kwa mafaili na vitabu vya ukubwa wa A4 (hivyo vina karibu 30), inayofuata 30, kisha 28, na tatu za juu 27 kila moja. Vitabu vizito vikae chini, vyepesi juu. Kabati litakuwa imara zaidi, na pia litaonekana kama limesimama kwa miguu yake.

Kuhusu rangi, mimi na simu yako hatukubaliani. Mpangilio wa rangi unapendeza kwa mtu asiyesoma. Wewe ni mwalimu: saa mbili usiku unatafuta kitabu cha jiografia cha kidato cha tatu, hukumbuki kama kilikuwa kijani au buluu, unavuruga rafu tatu. Kesho yake hakuna rangi wala mpango. Panga kwa somo, kisha ndani ya somo panga kwa kimo. Vile vya kiada vyenye makava yanayopiga kelele, vyote kwenye nafasi mbili za chini. Na tafadhali usigeuze migongo ya vitabu iangalie ukutani. Nimeombwa kazi hiyo mara moja, nikaikataa.

Chukua kisanduku kimoja tufanye pamoja. Sentimita 60. Kushoto simamisha vitabu kama kumi na tano, virefu pembeni, vishuke kuelekea katikati. Hiyo ni sentimita 35 hivi. Usivisukume hadi nyuma. Vivute vyote mbele, migongo ilingane kwenye mstari mmoja, sentimita 2 ndani ya ukingo. Tumia rula ya darasani, ipitishe kwenye migongo kama unavyonyoosha foleni asubuhi. Hatua hii peke yake hubadilisha kabati lote, na haina gharama. Karibu navyo laza vitabu vinne, kikubwa chini. Hivyo vinawazuia wenzao wasianguke. Juu ya vile vilivyolala weka kitu kimoja tu, kwa mfano chungu cheusi kidogo. Kinachobaki kulia, acha wazi. Najua mkono utawasha. Uache.

Usifanye hivyo kwenye visanduku vyote kumi na viwili, utaishia na duka la zawadi. Vinne au vitano vinatosha, na visikae kwenye mstari mmoja. Vingine viwe vitabu vitupu.

Maua ya plastiki yatoe, yanakamata vumbi. Usiweke pia chungu cha mmea wa kumwagilia juu ya vitabu. Ukitaka kitu cha nyumbani, kikapu cha kusuka au kigoda cha Karamoja kinatosha. Wateja wengi wananiomba kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kiitwacho olubugo, kibandikwe nyuma ya kisanduku kimoja. Rangi yake ya udongo mwekundu inavipa vitabu joto, na UNESCO iliuweka ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Lakini kule Buganda ndicho kitambaa wanachozikia watu, na kuna wazee ambao hawatafurahi kukiona nyuma ya saa ya mezani. Waulize wa kwenu kwanza. Hata hivyo usikibandike kwa gundi. Pini ndogo zinatosha, ili ukitoe na kukianika.

Jinja iko ziwani, kwa hiyo unyevu ni adui yako kuliko vumbi. Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 kati ya kabati na ukuta, na miguu ya sentimita 10 chini, upate kufagia na kuona njia za mchwa mapema. Hili nilijifunza kwa aibu. Kabati moja la Entebbe nililibana ukutani vizuri kabisa, bila kuuliza upande wa pili kuna nini. Kulikuwa na bafu. Mvua za masika zilipokwisha mwenyewe alinipigia: vitabu vya rafu ya chini vimeota ukungu mgongoni, na gamba la nyuma la kabati limevimba kama chapati.

Angalia pia dirisha. Likielekea magharibi, jua la jioni linaingia limelala na kupiga migongo ya vitabu moja kwa moja. Wekundu na njano hufifia kwanza, buluu inabaki, na baada ya mwaka mmoja au miwili vitabu vyako vyote vina sura ya mgonjwa. Hamisha kabati, au weka pazia zito.

Mwisho, kwa kuwa una watoto na sasa kabati liko mbali kidogo na ukuta: weka vyuma viwili vya pembe juu, na kipande cha mbao nyuma yake cha kuziba lile pengo, kisha skrubu ndefu na plagi zake ziingie kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye plasta tu. Fanya hivyo kabla ya kurudisha kitabu hata kimoja.