Kuku aliyezidiwa na joto: kusimama si kupona

SWALI
Shangazi, shikamoo. Juzi mchana nilimkuta tetea wangu mmoja amelala ubavu kando ya ukuta wa banda, mdomo wazi, mabawa kayatandaza, upanga wa kichwani umekwisha rangi. Nilimtoa juani nikamtia miguu kwenye beseni la maji, na baada ya muda akainua kichwa. Mume wangu alitaka tumzamishe kwenye ndoo ya barafu, nikakataa, na mpaka leo ananiambia ingemponya upesi. Sasa kuku anasimama, lakini anadonoa kidogo tu, kinyesi ni maji matupu, na yai hajataga tena. Ni joto lile bado au kuna ugonjwa? Nimrudishe kwa wenzake?

JIBU
Marahaba, mwanangu. Tuanze na barafu, maana naona ndiko kesi iliko. Ulikataa vyema. Ngozi ikipigwa na baridi kali ghafla, mishipa ya damu inajibana, na lile joto ulilotaka litoke linaweza kuchelewa kutoka. Zaidi ya hapo, kuku aliye taabani anaweza kufa kwa mshtuko tu. Barafu ya mume wako itiwe kwenye chombo cha maji ya kunywa siku za jua kali. Hapo inafaa sana, na kesi iishe.

Miguu ndiyo mahali pake. Kuku hatoi jasho, na manyoya yanamfunika karibu mwili mzima, kwa hiyo joto lake linatokea palipo wazi: miguuni, kwenye upanga na zile ndevu za nyama chini ya mdomo. Sehemu nyingine analitoa kwa kuhema. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hivi, na joto likipanda nyuzi nne au tano juu ya hapo, umempoteza. Ndiyo maana maji yanayotosha ni ya kawaida, yenye ubaridi wa wastani, yakifika magotini au chini ya tumbo. Lowesha upanga pia, kisha mweke kivulini panapopita upepo. Kumwagia maji manyoya yote halafu kumfungia pasipo na hewa hakumsaidii.

Hukusema kama ulimnywesha kwa kijiko. Kama ndivyo, usirudie. Njia ya hewa ya kuku inafunguka nyuma tu ya ulimi, na maji ya kumiminiwa yanaweza kuishia mapafuni. Chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji, umwache ameze mwenyewe. Asiyeweza kumeza hajawa tayari kunywa, basi endelea kumpoza.

Kinyesi cha maji kisikutishe. Amekunywa mno, na figo zinaondoa maji pamoja na chumvi za mwili. Chumvi hizo ndizo anazozidai sasa. Duka la dawa za mifugo lina unga wa vitamini na chumvichumvi wa kuchanganya kwenye maji. Fuata kipimo cha pakiti, mpe siku moja au mbili, kisha rudi kwenye maji matupu. Usikisie kwa chumvi ya jikoni. Kuku hahimili chumvi nyingi, na nimeona watu wakimaliza kwa wema kile ambacho jua lilikianza.

Ila kinyesi kikiwa cha kijani, au shingo ikaanza kupinda, au wengine wawili watatu nao wakaanza kuzubaa na kukoroma, hilo si joto tena. Hapo tunazungumzia kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, na jamaa zake. Mtenge, umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Chakula usimlazimishe. Kusaga chakula tumboni nako kunazalisha joto, kwa hiyo kuku anayekataa kula mchana ana akili kuliko anayemlazimisha. Mpe alfajiri na jioni, pumba yake iloweshwe kidogo. Kinachobaki kitupe mapema, kinachacha upesi. Mguse gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kabla hajalala: likiwa na kitu ndani, anakula hata kama hukumwona.

Kumrudisha, subiri. Kuku dhaifu akirudi hudonolewa, na walioshiba nguvu hawana huruma. Akae peke yake, mahali pa kimya, mpaka umwone amepita mchana mzima wa jua bila kuhema kwa mdomo wazi na anakula mwenyewe. Kisha mpandishe kwenye kichanja jioni, wenzake wakiwa wameshalala. Asubuhi wataamka naye.

Halafu nenda ukalitazame banda lile. Kwa nini alianguka yeye, na kwa nini kando ya ukuta? Mara nyingi anayeanguka ni mnene, au anatamia, au ni mnyonge anayefukuzwa kwenye chombo cha maji. Kama chombo ni kimoja, ongeza cha pili, mbali na cha kwanza, vyote kivulini. Gusa ukuta ule saa tisa alasiri: ukiunguza kiganja, unamwoka kuku aliyeuegemea. Bati nalo ni hivyohivyo. Tandaza nyasi kavu au magunia juu yake, na ubavu mmoja wa banda uwe wavu, wazi mchana na usiku. Sakafu usiimwagie maji banda likiwa limefungwa, kwa sababu hewa ikijaa unyevu hata kuhema hakumpozi tena.

Mayai sasa. Kuku anapohema kwa nguvu anapoteza hewa ya kaboni iliyomo kwenye damu, na ganda la yai linaundwa kwa chokaa pamoja na kaboni hiyohiyo. Kwa hiyo atakapoanza tena, la kwanza au la pili huenda likawa na ganda jembamba, hata laini kama ngozi. Weka maganda ya kome au chaza yaliyosagwa kwenye sahani pembeni, ale mwenyewe anapotaka. Usiyachanganye kwenye chakula. Mpe wiki mbili hivi. Zikipita naye bado hatagi, mshike kifuani: mfupa ukichoma mkono kuliko wa wenzake, anakonda, na hapo daktari amwone.