Barua kwa mwanangu: chama cha dini kikishinda kura

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, sote wazima. Swali lako nimelipata: nchi ikipiga kura kwa haki, kikashinda chama cha dini, je, matokeo yakubaliwe hata kama watu wanahofu kwamba kikishaingia hakitoki tena? Unasema limezuka kwenye ubishi wa wenzako wawili wa kazini hapo Marseille, Waaljeria wote, mmoja akishikilia kwamba mwaka 1992 jeshi liliiokoa nchi yao, mwingine kwamba liliichinja.

Yakubaliwe. Hilo ndilo jibu langu. Ila kinga dhidi ya chama cha kuogopwa huwekwa kabla ya siku ya kura, na anayeanza kuitafuta usiku wa kuhesabu ameshachelewa. Kwa kuwa wenzako wanabishania Aljeria, tukae hapo hapo, maana kosa lao linaonekana kwa tarakimu.

Baada ya ghasia za Oktoba 1988, Aljeria ilipata katiba mpya Februari 1989 na FLN, chama cha ukombozi kilichotawala peke yake tangu uhuru wa 1962, ikakubali vyama vingi. Sheria ya vyama ya mwaka huo ilikataza chama kujengwa juu ya dini pekee. Hata hivyo FIS, Chama cha Wokovu wa Kiislamu, kilisajiliwa Septemba 1989 na jina lake hilo hilo. Serikali ilijua inachokisajili. Ukishampa mtu cheti cha usajili na kumwacha agombee mara moja, ya pili huwezi kumwambia kwamba ushindi wake ndio uliokufumbua macho.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni 1990, uchaguzi wa serikali za mitaa. FIS ilichukua halmashauri 853 kati ya 1,539. Baadhi yake zilibadilisha hata kibao cha mlangoni, zikaandika kwamba hiyo ni halmashauri ya Kiislamu. Waliohofu hawakuwa na hofu ya kubuni: Ali Belhadj, kiongozi wa pili wa chama, alihubiri wazi kwamba demokrasia ni ukafiri. Msikilize vizuri mwenzako wa kwanza hapo, ana hoja.

Sasa tazama uchaguzi wa wabunge wa tarehe 26 Desemba 1991. Viti vilikuwa 430. Utaratibu: mgombea anayepita nusu ya kura halali za jimbo anashinda moja kwa moja, asipopatikana, wawili wa kwanza wanarudi duru ya pili. Mfumo huu ulichaguliwa na serikali yenyewe, na mipaka ya majimbo ikachorwa kwa kuyapendelea maeneo ya vijijini na kusini, ambako FLN ilijiona ina watu wake. Walioandikishwa walikuwa kama milioni 13.2, waliopiga kura milioni 7.8, na kura zilizoharibika zilizidi 900,000. FIS ilipata kura milioni 3.26, yaani asilimia 47 ya kura halali, na robo tu ya walioandikishwa. Lakini kati ya viti 231 vilivyoamuliwa siku hiyo, ilipata 188. Hiyo ni zaidi ya asilimia 80.

FLN ilipata kura milioni 1.6 na viti 15. FFS, chama cha Hocine Aït Ahmed ambacho kura zake zilikuwa kama nusu milioni zilizorundikana eneo la Kabylie, kikapata 25. Mwenye kura mara tatu akapata viti vichache zaidi. Mtego uliotegwa na FLN ukamnasa mtegaji.

Chukua kalamu upige hesabu nyingine. Kama viti vyote 430 vingegawiwa kwa uwiano wa kura nchi nzima, asilimia 47 ingetoa viti kama 202. Wingi wa bunge ni 216. FIS ingekuwa chama kikubwa kisichoweza kupitisha sheria bila kumbembeleza mtu. Hakuna mwanajeshi ambaye angehitajika.

Na hata kwa mfumo ule mbovu, kinga zilikuwepo. Rais Chadli Bendjedid alikuwa amechaguliwa Desemba 1988 kwa miaka mitano, kwa hiyo alikuwa na karibu miaka miwili mbele yake. Alikuwa amiri jeshi mkuu, aliteua waziri mkuu, na alikuwa na mamlaka ya kulivunja bunge. Baraza la Katiba lilikuwepo na halikuwa la mapambo: Oktoba 1991 lilikuwa limefuta kifungu kilichomruhusu mwanandoa kumpigia kura mwenzake kwa kuonyesha kitabu cha familia, ambacho kwa vitendo kilikuwa kinampa mume kura mbili. Tena, kati ya Juni 1990 na Desemba 1991, FIS ilikuwa imeshapoteza kura kama milioni moja. Kusimamia mabomba ya maji na takataka kunachakaza chama chochote, kiwe cha msikitini au cha baa.

Tarehe 2 Januari 1992 Aït Ahmed aliongoza maandamano makubwa jijini Algiers. Chama chake kilikataa dola la polisi na kilikataa dola la dini, na kiliwataka watu wajitokeze duru ya pili, tarehe 16, viti 199 vikiwa bado wazi. FIS ilihitaji 28 tu kupata wingi, na ilikuwa inaongoza kwingi, kwa hiyo sikudanganyi kwamba ingeshindwa. Ila duru hiyo haikupigwa. Tarehe 11 Chadli alijiuzulu, bunge likiwa limeshavunjwa siku chache kabla. Kesho yake uchaguzi ukasitishwa. Mohamed Boudiaf, mkongwe wa vita vya uhuru, akarejeshwa kutoka uhamishoni Morocco kuongoza Baraza Kuu la Dola, chombo ambacho katiba haikukijua. Hali ya hatari ilitangazwa Februari na kudumu hadi 2011. FIS ilifutwa na mahakama mwezi Machi, na maelfu ya wafuasi wake wakapelekwa kambi za jangwani. Boudiaf mwenyewe aliuawa Annaba tarehe 29 Juni. Vita vilivyofuata vilikula miaka kumi, na makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki mbili, wakiwemo raia wengi waliochinjwa vijijini na makundi ambayo hata FIS yenyewe haikuyatawala.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ndani ya kila chama cha aina hii kuna mabishano ya kudumu: wako wanaosema sanduku la kura ni njia, na wako wanaosema ni hadaa. Kampeni ya Desemba iliongozwa na Abdelkader Hachani, mtu wa sanduku, kwa kuwa Abassi Madani, kiongozi mkuu wa chama, na Belhadj walikuwa gerezani tangu Juni. Hachani alikamatwa tarehe 22 Januari. Aliyekuwa anasema ni hadaa hakuhitaji tena kubishana na mtu.

Tunisia ilitumia akili nyingine, na huku ndiko ningependa mwenzako wa kwanza aangalie. Oktoba 2011 Ennahda, chama cha dini cha huko, ilipata asilimia 37 ya kura, ikapewa viti 89 kati ya 217, kwa sababu orodha ziligawana viti kwa uwiano na mabaki ya kura yalivisaidia vyama vidogo. Ikalazimika kuunda serikali na vyama viwili visivyo vya dini. Katiba mpya ilihitaji kura za theluthi mbili ya wabunge ili ipite, hivyo suala la kuitaja sharia kama chimbuko la sheria Ennahda ililiacha yenyewe Machi 2012: isingezipata kura hizo. Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, waliuawa kwa risasi, na nchi ikaelekea kule kule Aljeria ilikokwenda. Watu hawakulipigia jeshi magoti. Walidai kwanza wizara za mambo ya ndani, sheria, ulinzi na mambo ya nje ziwe mikononi mwa wasio na chama, zikatolewa. Kisha chama cha wafanyakazi UGTT, umoja wa waajiri, wanasheria na watetezi wa haki za binadamu wakawaketisha wote mezani. Katiba ilipita Januari 2014 kwa kura 200 kati ya 216, Ennahda ikakabidhi serikali kwa Mehdi Jomaa, waziri mkuu asiye na chama, na Oktoba ikashindwa uchaguzi na kuyapokea matokeo. Bunge la Tunisia lilikuja kufungwa Julai 2021, na aliyelifunga, Rais Kais Saied, hakutoka chama chochote, cha dini wala kisicho cha dini.

Usidhani mifano yote inanipendeza. Palestina, Januari 2006, Hamas ilipata asilimia 44 ya kura za orodha na viti 74 kati ya 132. Kwenye viti vya orodha walikuwa karibu sawa na Fatah, chama kilichokuwa kinatawala, 29 kwa 28. Tofauti ilitokea majimboni, 45 kwa 17, kwa sababu watu wa Fatah waligombea wengi mno jimbo moja wakagawana kura zao wenyewe. Juni 2007 Hamas ikaishika Gaza kwa bunduki, na tangu hapo hakuna uchaguzi mwingine wa bunge uliofanyika. Kweli, wafadhili walikata fedha na Fatah haikukabidhi vyombo vya usalama. Lakini chama kilikwenda kwenye kura kikiwa na jeshi lake. Swali la silaha ni la mlango wa kuchukulia fomu: ama bunduki, ama ugombea. Ukimpokea na vyote viwili, usishangae akishinda kwa kimoja na kubaki kwa kingine.

Hivyo unapotaka kujua kama matokeo ni ya kupokewa, usianze na jina la mshindi. Anza na karatasi: fomu ya kila kituo imesainiwa na mawakala na kubandikwa mlangoni? Jumla ya kituo inalingana na jumla ya jimbo? Muda wa kufungua shauri upo, na mahakama inaweza kuamuru kurudiwa? Halafu soma katiba upate tarehe ya uchaguzi ujao na nani anaweza kuisogeza. Soma theluthi mbili inatakiwa wapi. Tazama nani anawateua makamishna wa tume na nani anawafukuza. Ukiridhika, mshindi ni mshindi hata kama anakunyima usingizi.

Kumpokea kwenye kiti si kupokea kila atakachokifanya akiwa juu yake. Tazama Misri. Mohamed Morsi, wa Udugu wa Kiislamu, alishinda urais Juni 2012 kwa asilimia 51.7, ushindi mwembamba lakini halali. Tarehe 22 Novemba alitoa tangazo kwamba maamuzi yake hayahojiwi na mahakama yoyote. Hiyo ndiyo dalili ya kuiangalia kuliko ndevu na hijabu: mtawala kujitoa chini ya mahakama. Nyingine ni kusogeza tarehe ya uchaguzi, kuwafunga wapinzani kwa kesi za kubuni, na vijana wa chama kuanza kufanya kazi ya polisi. Waliojaa barabarani tarehe 30 Juni 2013 kumpinga walikuwa na haki yao. Siku tatu baadaye jeshi likampindua, na Agosti 14 zaidi ya watu 800 wakauawa uwanjani Rabaa kwa siku moja. Dawa za tangazo lile zilikuwa mgomo wa majaji, maandamano, na uchaguzi wa bunge uliokuwa unadaiwa. Ni dawa za pole pole, najua, na mwenye njaa ya haki hapendi kuambiwa asubiri.

Utaniuliza kwa nini basi tusifanye kama kwetu, tuvikataze kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza chama kuanzishwa kwa misingi ya dini, na sheria ya vyama ya Tanzania ya 1992 vilevile. Kanuni hiyo siipingi ikitumika kwa wote na tangu mwanzo. Ila wale walionyimwa usajili wa Islamic Party of Kenya mwaka 1992 hawakuyeyuka: Mombasa iliona ghasia barabarani mwaka huo huo. Malalamiko ya ardhi, ajira na vitambulisho yaliyowapeleka kule yalibaki pale pale, na yakatafuta mlango mwingine.

Ukiwa na nafasi, kwa kuwa Kifaransa chako sasa ni kizuri kuliko changu, tafuta hati iliyosainiwa Roma tarehe 13 Januari 1995, kwenye jumuiya ya Sant'Egidio. Iliwekwa saini na FIS, FFS, na FLN yenyewe chini ya Abdelhamid Mehri, pamoja na wengine. Ndani yake walikataa kutumia nguvu kuingia madarakani au kung'ang'ania, wakakubali vyama vingi na kupokezana utawala kwa kura. Serikali ya Algiers iliikataa yote kwa jumla na kifungu kwa kifungu. Isomeni pamoja, wewe na wenzako hao wawili, kisha uwaulize ni kifungu kipi ambacho kisingeweza kudaiwa kwa FIS mwaka 1989, kabla ya kupewa cheti.

Ndugu zako wanakusalimu. Usiache kuandika.

Mama yako