Kijana wa mapokezi asiendeshe programu kwa akaunti ya msimamizi

Nyumba nyingi za wageni hapa Lamu zina kompyuta moja tu mapokezini, na vijana wawili watatu wanaopokezana zamu. Hapo ndipo risiti zinapoandikwa na tiketi za ndege kuchapishwa, na kila mgeni huja na flashi yake. Ninapoitwa kuitazama mashine kama hiyo, kitu cha kwanza ninachokagua ni kama aliye zamu anaweza kufungua programu kwa akaunti isiyo yake.

Windows imekuwa na amri ya runas tangu toleo la 2000. Mtu aliyeingia kwa akaunti ya kawaida huitumia kufungua programu kwa jina na neno la siri la akaunti nyingine. Kwa fundi ni msaada mkubwa. Taabu huanza ikiongezwa /savecred: neno la siri la msimamizi (akaunti inayoruhusiwa kubadilisha karibu chochote kwenye kompyuta) huandikwa mara moja, Windows ikalihifadhi, na tangu hapo programu ya hesabu hufunguka bila kuuliza kitu. Wenye nyumba huipenda sana njia hii. Mama mmoja wa Shela aliniambia, "Mwanangu, muwekee tu, huyu ni kijana wetu." Kijana mwenyewe simtilii shaka. Lakini neno la siri lililohifadhiwa halifungamani na programu ya hesabu peke yake. Yeyote aketiye pale akiandika runas /savecred, jina la akaunti ile, kisha cmd, hupata dirisha la amri linalofanya kazi kwa akaunti hiyo. Faili chafu kutoka kwenye flashi ya mgeni laweza kufanya vivyo hivyo.

Kabla ya kufunga chochote, tafuta kwa nini walihitaji njia hiyo. Mara nyingi ni programu ya zamani inayoandika data zake ndani ya Program Files, mahali ambapo akaunti ya kawaida hairuhusiwi kuandika. Dawa ni kuipa akaunti ya mapokezi ruhusa ya Modify (kusoma, kuandika na kubadilisha) kwenye folda ya data tu. Usiitoe ruhusa hiyo kwa folda nzima ya programu: faili la programu likibadilishwa, nawe ukalifungua ukiwa msimamizi, umelikabidhi uwezo wako wote. Watu hulipuuza hili, nami hulisisitiza kila ninapokwenda.

Sasa funga. Hakikisha akaunti ya mapokezi ni ya kawaida. Ikiwa nayo ni ya msimamizi, mengine yote ni kazi bure. Ukiwa ndani ya akaunti hiyo hiyo ya mapokezi, andika cmdkey /list uone yaliyohifadhiwa, uyafute kwa cmdkey /delete: ikifuatwa na jina la Target lililoonyeshwa kwenye orodha. Kisha rudi kwenye akaunti ya msimamizi, fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows), tafuta huduma ya Secondary Logon ambayo runas huitegemea, isimamishe na uiweke Disabled. Runas haitafanya kazi tena, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuiwasha huduma hiyo.

Wengi huishia hapo, na mlango wa pili unabaki wazi. Lile dirisha linaloomba neno la siri la msimamizi mtu anapochagua "Run as administrator" halitegemei Secondary Logon. Lizime kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake, hufunguliwa kwa regedit), katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, kwa kuipa ConsentPromptBehaviorUser thamani ya 0. Kawaida huwa 3. Kwenye Windows Pro, mpangilio huo umo pia ndani ya secpol.msc (zana ya sera za usalama), lakini toleo la Home halina zana hiyo.

Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba kuanzia sasa, kuweka programu mpya au draiva ya printa kutamlazimu msimamizi aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Usipomwambia, siku printa mpya itakapovushwa kutoka Mokowe watampigia fundi mwingine, naye atamfanya kila mtu msimamizi ili kazi iishe haraka.