Ukipewa kazi ya kuandika historia ya klabu ya akina mama, anza na daftari la hela

Nimekuwa katibu wa klabu yetu ya akina mama miaka sita, mji wenyewe mdogo wa kila mtu anamjua mwenzake, na siku iliposemwa kwamba klabu inakaribia kutimiza miaka arobaini kwa hiyo historia iandikwe, macho yote yakanigeukia mimi, si ndio katibu. Nikakubali haraka haraka nikidhani ni kazi ya wikendi mbili. Ilinila mwaka mzima na ushee.

Nilichokosea mwanzoni ni kuanza na wenyeviti. Nikaorodhesha nani kaongoza lini, nikatafuta picha za watu wamejipanga na sare, nikapaka na maneno matamu ya "walijitolea kwa moyo wote", nikaenda kusoma mbele ya wanachama. Kimya. Bibi mmoja kati ya waanzilishi akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni klabu gani unayoisema?" Watu wakacheka, mi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nikarudi nyuma, nikaomba daftari za mhazini zote, hata zile zilizoliwa na mchwa. Na hapo ndo nikaanza kuiona klabu yenyewe. Misumari kilo mbili. Nauli ya kumpeleka mgonjwa. Sabuni. Shuka mbili za mzazi aliyejifungua. Nauli tena, mgonjwa yule yule. Jeneza. Yaani ukisoma kurasa tatu unajua nani alikufa, nani aliuguzwa na nani alijengewa choo, kitu ambacho kumbukumbu za vikao hazikwambii kabisa maana huko kila kikao "kilifungwa kwa amani", na mimi nimeshaambiwa na watu watatu tofauti kuwa kimoja wapo kilifungwa kwa kurushiana viti.

Kuna ukurasa mmoja nimeusoma mpaka naujua kwa moyo. Klabu ilinunua cherehani nne ili wasichana wajifunze ushonaji. Ununuzi umeandikwa ukurasa mzima, kwa wino mzuri, na mistari imepigwa kwa rula. Miezi michache mbele kuna mstari mmoja: "belti ya cherehani imekatika". Basi, cherehani hazitajwi tena popote. Hakuna aliyepewa kazi ya kuzitengeneza, hakuna hela iliyotengwa, zikafa moja moja. Ila kutembelea wagonjwa, ambako hakukuwahi kupewa hata jina la mradi, kuko kwenye kila daftari nililopata, toka la kwanza mpaka la mwaka jana, kwa sababu kulikuwa na zamu, jina na siku. Kwa hiyo siku hizi mtu akija na wazo la huduma kwenye kikao namuuliza kitu kimoja tu, likiharibika anatengeneza nani? Wengine wananiona mchawi wa maendeleo, sawa tu.

Na usidhani ni sisi tu tuliochelewa kuandika mambo yetu. Klabu za akina mama za Marekani zilikuwa hivyo hivyo. Jane Cunningham Croly alikuwa mwandishi wa habari New York, mwaka 1868 kuliandaliwa dhifa ya kumuenzi Charles Dickens, mtunzi wa riwaya kutoka Uingereza, na waandishi wa kike wakanyimwa nafasi ya kukaa pamoja na wenzao wanaume, mama huyo hakubaki kununa, akaanzisha klabu ya wanawake ikaitwa Sorosis. Mwaka 1890 klabu nyingi zikaungana kuwa shirikisho. Halafu Croly akafanya kile ninachokwambia ufanye wewe, akakusanya habari za klabu moja moja, za miji mikubwa na vijiji, mwaka 1898 akatoa kitabu cha zaidi ya kurasa elfu moja. Humo ndo unaona klabu za miji midogo zilikuwa zinafanya nini hasa, zinaanzisha maktaba, zinazungusha makasha ya vitabu sehemu zisizo na maktaba. Vitu vya kawaida kabisa, lakini maktaba nyingi za umma kule zina mkono wa akina mama hao.

Ila kuna upande ambao wengi wanauruka na mi nakusihi usiuruke, nao ni nani alifungiwa mlango. Mwaka 1900 shirikisho hilo lilikutana Milwaukee, Josephine St. Pierre Ruffin akafika kuwakilisha klabu ya wanawake weusi ya Boston, wakamkatalia. Angeingia kwa jina la klabu za wazungu alizokuwa mwanachama wake wangempokea, akasema hapana. Wanawake weusi walikuwa tayari na umoja wao wa kitaifa toka 1896, rais wake wa kwanza Mary Church Terrell.

Niliposoma hayo nikakumbuka jina lililokatwa kwenye rejista yetu. Limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni imeandikwa "hajachangia miezi mitatu". Nikaenda kuulizia, kumbe mama huyo ndo aliyekuwa anawaogesha wagonjwa wote wanaotajwa kwenye zile daftari za mwanzo, na aliendelea kuwaogesha hata baada ya kufutwa. Kila mzee niliyemhoji alimtaja bila kuulizwa. Kwenye orodha yangu ya kwanza, ile ya wenyeviti na sare, hakuwemo. Kuna waliotaka nisiliandike, eti tunajianika, tulibishana sana na mwisho likabaki, na wino wake mwekundu nimeutaja.

Kuhusu kuhoji wazee, usiulize "klabu ilianzaje", utapewa hotuba. Uliza siku ile mlikaa wapi, juu ya nini, nani alichelewa. Na ukiweza wakalishe wawili pamoja, wabishane, we washa simu irekodi na unyamaze, mmoja akisema tulikuwa saba mwenzake atasema tisa afu watahesabu kwa majina na hapo umepata wote. Picha nazo ziandikwe majina kwa nyuma, kwa penseli laini maana wino wa kalamu unaweza kupenya hadi mbele, na ziandikwe leo sio kesho. Mimi ninayo picha ya wanawake kumi na mmoja ambayo ninawajua wanne tu, aliyekuwa anawajua wote tulimzika wiki mbili kabla sijaenda kwake.

Daftari za miaka mitatu bado sijazipata, mhazini wa wakati ule alihama nazo. Juzi mjukuu wake kanipigia, anasema juu ya kabati kuna sanduku lina kufuli na ufunguo haujulikani uliko, anataka kulivunja. Nimemwambia asiliguse, Jumamosi nakwenda.