Jibu: Suruali ya kaka

Dada, umeuliza kama yupo mshairi wa India aliyeitaja tamaa ya mwili waziwazi ilhali kalelewa kwa miiko. Anza na Kamala Das wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, aliyezaliwa 1934 na kuozwa angali binti. Katika shairi la "An Introduction", lililomo kwenye diwani yake ya 1965, anakata nywele na kuvaa suruali ya kaka yake. Watu wanamjia juu: vaa sari, uwe mke, uwe mpishi, gombana na watumishi! Hapo huniuma kila nikisoma. Baadaye anamtaja mwanamume ampendaye: yeye ana pupa ya mito, mwanamke ana subira ya bahari isiyochoka. Tamaa hiyo haiombi radhi kwa mtu.