Kabla ya kumpelekea mgonjwa habari za panya

Nilipokuwa nasomesha baiolojia Wete, nilisoma makala iliyosema kwamba kukizuia kimeng'enya kiitwacho BTK hutuliza baridi yabisi, nikaenda mbio kwa mama mkubwa, ambaye vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa maradhi hayo, kumwambia kwamba dawa imepatikana. Aliiweka chini kawa aliyokuwa akiishona, akaniuliza, "Wamepewa nani, mwanangu?" Nikajibu kwamba wamepewa panya. Akacheka, akaokota ukili wake.

Tangu siku ile, kila ninaposoma habari za namna hiyo huanza kwa kuuliza ni panya gani, na nawashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo. BTK hukaa ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na kazi yake ni kupokeza ujumbe unaopokewa kwenye utando wa seli kwa kuzibandika protini nyingine fosfeti. Wapo panya wa maabara waitwao xid, ambao kimeng'enya chao kina kasoro ya asidi amino moja tu: seli B zao hupungua, nao hushindwa kutengeneza kingamwili dhidi ya sukari zinazofunika baadhi ya bakteria, lakini wanaishi. Mtoto wa kiume mwenye jeni mbovu ya BTK hana nafuu hiyo. Seli B zake hukaribia kutokuwepo kabisa, na kingamwili alizopewa na mama yake zikishakwisha, mapafu na masikio huanza kuandamwa na maradhi. Daktari Ogden Bruton wa Marekani aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1952. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993.

Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na kimeng'enya ndugu, Tec, ambacho katika panya huziba pengo, kwani panya waliokosa vyote viwili huathirika vibaya zaidi. Makala niliyoisoma haikulitaja hilo hata kwa neno moja.

Ulizeni pia kama kimeng'enya kimekosekana tangu kuzaliwa au kimezuiwa na dawa ukubwani. Ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina moja ya saratani ya limfu, huizuia BTK, lakini baadhi ya wagonjwa hutokwa damu kwa urahisi, kwa sehemu kwa kuwa BTK imo pia katika chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda.

Mama mkubwa, nashukuru, hakuwa ameacha vidonge vyake kwa maneno yangu.